Mtu wa Mwisho Kugusa

Jumatatu, mbele ya waandishi wawili na punda wanne, Idara ya Umiliki wa Vitu Visivyoshikika ilitangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna kitu katika visiwa vya Lamu kitakachoruhusiwa kukosa mwenyewe. Kisicho na mwenyewe kingehesabiwa mzigo wa mtu wa mwisho kukigusa. Kanuni hiyo aliitunga Bwana Crispus, mkuu wa Idara, peke yake, bila kuuliza mtu, naye aliipenda kama mtu apendavyo mwanawe wa kwanza.

Jumanne alifika mtaa wa Langoni, dukani kwa Muhdhar, anayetengeneza tovuti za watu na kuzihifadhi katika mashine mbili zinazonguruma nyuma ya pazia. Alikuja na karani wake Jepchirchir, daftari, na utepe mwekundu.

"Programu hizi ulinunua wapi?"

"Sikununua, Bwana. Ni programu huria. Waliziandika watu wengi wa nti nyingi, wakaziacha wazi. Atakaye huchukua, akatengeneza, akawapa wenziwe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Hana."

"Hana, au amejificha?"

"Ni sote, Bwana."

"Andika, Jepchirchir: washukiwa ni wote. Nataka majina, nambari za vitambulisho, na picha mbili mbili za pasipoti."

Bi Mwanamkisi, msuka mikeka wa Kipungani aliyekuja kuongeza picha kwenye tovuti yake, alicheka hadi buibui likamteleza.

"Mwanangu, nakshi ya mkeka huu nilifunzwa na nyanya yangu. Kipungani nzima twaisuka, kila mtu na nyongeza yake. Mbona hatujaulizwa mwenyewe?"

Crispus aliutazama mkeka. Kweli, haukuwa na hati. Akaukunja, akaufunga utepe, akautia kwapani.

"Huo mkeka wangu!"

"Lete barua ya nyanya yako."

"Nyanya yangu yuko makaburini!"

"Ofisi iko wazi hadi saa kumi."

Kisha akazima mashine na kuzizungushia utepe. Muhdhar akapewa siku saba alete barua ya mwenyewe, la sivyo duka lifungwe kabisa. Tovuti thelathini na mbili zikazimika: za mikeka, za madrasa, hata ya zahanati ya Mbwajumali. Muhdhar alikaa barazani na kikombe cha kahawa, akikodolea macho ndani, maana miaka kumi na mmoja ya jasho lake ilikuwa nyuma ya pazia lile. Crispus aliyaona macho hayo. Akaandikisha: dalili ya hatia.

Alhamisi Mkurugenzi alikuwa anakuja kutoka Nairobi kuitazama tovuti ya Idara, iliyosifiwa katika ripoti tatu. Saa tatu asubuhi Crispus akaijaribu. Kioo cheupe.

"Jepchirchir, tovuti yetu iko wapi?"

"Langoni, bosi. Nyuma ya pazia."

"Nani aliiweka huko?"

"Sahihi ni yako."

"Na juzi mbona hukusema?"

"Uliniambia niandike."

Wakashika njia ya Langoni mbio.

"Washa!" Crispus alimwambia Muhdhar.

"Siwezi, Bwana. Nikigusa, mzigo wanirudia. Kanuni yako."

"Nakuamuru!"

"Amri haina kidole."

Ndege ya kutoka Nairobi ilikuwa inashuka uwanjani Manda. Crispus aliung'ata utepe kwa meno, akaupasua, akabonyeza vifungo viwili kwa kidole chake mwenyewe. Mashine zikanguruma.

"Alhamdulillahi, mwenyewe amepatikana," alisema Muhdhar, akimsogezea karatasi. "Naomba basi barua yake, niendelee na kazi."

Crispus alitia sahihi bila kusoma, jicho kwenye saa. Jepchirchir akaandika saa na dakika, kwa mwandiko mzuri usio na huruma.

Adhuhuri Mkurugenzi alishindwa kuufikia mlango wa Idara kwa sababu ya foleni. Bi Mwanamkisi, wa kwanza, akamzuia.

"Nyuma, Bwana. Yeo twamuona mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa tovuti zote. Ametia sahihi."

Kisha bibi akaingia, akamkuta Crispus nyuma ya meza, mkeka uko mbele yake na utepe wake.

"Bwana mwenyewe, picha yangu kwenye tovuti imekaa kichwa chini. Na nakshi ya nyanya yangu, wa mwisho kuigusa ni wewe." Akatoa kikapuni fungu la miyaa ya kusukia. "Shuka kitini, nikufunze. Kipungani twakudai mikeka sita kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo."

Crispus alishuka. Nje, Mkurugenzi, mtu wa utaratibu, alikuwa amepanga foleni.