Nyumba Isiyoomba Kitu

Jumatatu, 22 Februari 1971

Nimeamua. Nyumba yangu haitamwomba mtu kitu. Kamwe!

Paa limekwisha. Mabati yanang'aa mpaka binamu yangu Ombui, aliye kule chini bondeni, analalamika kwamba yanampiga machoni akikama ng'ombe. Vizuri. Kuta bado ni nguzo na fito tu, upepo unapita humo kana kwamba ndio uliojenga. Si kitu. Paa ndilo kichwa, na mwenye kichwa hakosi mwili.

Miaka yote niliyokuwa karani Kericho niliishi chumba cha kampuni, nikanywa maji ya bomba la kampuni, nikasoma kwa taa ya kampuni. Nikiiwasha, mtu mwingine ana haki ya kuizima. Ndiyo sababu nilirudi Manga na kuchagua juu kabisa ya kilima, mahali ambapo hakuna aliyewahi kujenga. Maji yatatoka mbinguni, yaanguke kwenye bati, yaingie kwenye tangi langu. Hayapitii kwa jirani yeyote.

Mke wangu Bathsheba anasema walionitangulia hawakujenga huku kwa sababu hawakuwa wajinga. Maji ya kukandikia kuta anayateka kwenye chemchemi, kando ya shamba la Ombui, na kuyapandisha kilima kizima kichwani. Anasema masika yakianza yatatukuta bado kwenye banda la Ombui, yeye, mimi, binti yetu Gesare na ndama. Ameniomba niite risaga, wale majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Kuta zingekwisha kwa siku moja.

Nimekataa. Ukiitikiwa leo, kesho unaitwa wewe. Uhuru gani huo?

(Banda la Ombui ni la muda tu.)

Jumatano, 24 Februari

Tangi limefika! La bati, la mviringo, refu kunishinda, lina mdomo juu wa kutosha mtu kupita. Nimelipata kwa mfanyabiashara mmoja mjini Kisii anayefunga duka. Maungio yana vitundu kidogo. Nani hana?

Lori liliishia barabarani. Ombui akasema ataita vijana waje na miti, walibebe. Nikamjibu kwamba kitu cha mviringo kimeumbwa hivyo kwa sababu. Nikaanza kulisukuma peke yangu. Lilikwenda vizuri sana, hata nikajionea huruma kwamba hakuna anayetazama. Njia inapokata kona, jasho likaniingia machoni. Nikajipangusa.

Kwa mikono miwili. Hapo ndipo penye kosa.

Tangi lilishuka likinguruma. Lilimpita Esnah, mke wa Ombui, aliyekuwa akianika wimbi. Likampita ndama. Likaingia kwenye migomba ya Ombui na kutulia pale ambapo migomba yake bora ilikuwa imesimama asubuhi.

Ombui alikuja, akalizunguka, akagonga bati kwa kidole.

“Josiah,” akasema, “umeniletea maji?”

Mtu wa dhihaka hajengi.

Alhamisi, 25 Februari

Tangi liko juu. Wanawake wa risaga ya Esnah, wakitoka kupalilia, walilikuta limeziba njia ya chemchemi. Wakalifunga kamba za migomba, wakalivuta mpaka kileleni wakiimba. Jina langu lilikuwamo kwenye wimbo. Maneno mengine sikuyasikia vizuri, ila walicheka kila lilipotajwa.

Mimi nilitangulia nikiwaonyesha njia. Bila mwonyesha njia wangepotea. Bathsheba anasema kilima kina njia moja.

Jumamosi, 27 Februari

Sabato. Hakuna kazi. Kufikiri si kazi.

Mhubiri alisema juu ya nyumba iliyojengwa kwenye mwamba. Niliitikia kwa kichwa ili watu wote waone. Bathsheba akanikanyaga mguu.

Jioni nilipanda peke yangu, nikaketi penye kizingiti. Mlango hauna ubao bado, lakini uwazi wake umekaa vizuri. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kila jiko la bondeni. Nikakumbuka nilivyokuwa mdogo, natumwa asubuhi na kigae kwenda kuomba moto kwa jirani. Kwetu ulizimika mara nyingi. Mama alikuwa mgonjwa. Siku moja jirani akauliza, “Leo tena?” Moto alinipa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini nilirudi na lile kaa nikilipuliza, na lile neno likiniwaka kuliko kaa.

Hili sijamwambia mtu. Si jambo la kusema. Watu wangedhani ninajenga nyumba kwa sababu ya kigae.

Jumatatu, 1 Machi

Habari mbaya. Ujumbe umepitia kwa wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili: mama mkwe wangu, Mong'ina, anakuja kutoka Gesima kutazama mahali binti yake anapolala. Bathsheba amesema polepole, bila kunitazama, kwamba mama yake hatembei bure. Akija anataka kuondoka na mtu.

Nikamuuliza kama yeye anataka kuondoka. Akasema mawingu yamesimama upande wa ziwa na nyumba haina kuta. Hilo si jibu. Nimelitafakari siku nzima na bado si jibu.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawachezi. Hamkaribiani, hamtazamani machoni, wala humsimamii mbele ukiwa na vazi la kazi. Kwa hiyo ni lazima nyumba iseme kwa niaba yangu. Kuta haziwezi kukamilika. Tangi linaweza! Nitaliziba kwa lami kutoka ndani. Mama mkwe atafika, ataona tangi limesimama imara kwenye jukwaa lake la mawe, na moyo wake utatulia.

Jumanne, 2 Machi

Naandika mikono ikiwa myeusi. Naiandika siku hii kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilichukua ngazi ya Ombui. Sikumsumbua kwa kumwomba; hakuwapo. Nikapanda, nikaitumbukiza ndani ya tangi, nikashuka nayo pamoja na debe la lami ya moto. Nguo nilivua, nikaziacha juu ya jiwe. Lami haitoki kwenye shati. Nilibaki na kaptura ambayo hata Bathsheba ameomba niichome.

Kazi ilikwenda vizuri. Nilikuwa nimeinama, napaka maungio ya chini, niliposikia mchakacho. Nikatazama juu. Ngazi ilikuwa ikipanda yenyewe kwenda mbinguni, kama ya Yakobo. Ukaonekana mkono wa Ombui. Kisha ngazi ikatoweka, nami nikasikia akishuka kilima akinung'unika juu ya watu wasiojua kuomba.

Ningeweza kuita. Lakini ningemwambia nini? “Ombui, nirudishie ngazi niliyokuibia”? Nikanyamaza. Nitatoka kwa akili, nikajiambia. Nikaligeuza debe, nikasimama juu yake. Likabonyea kama kofia.

Hapo nikasikia sauti za wanawake wakipanda. Moja ilikuwa ya Bathsheba. Ya pili ilikuwa ya Gesima.

Mungu wangu!

Wakaketi kwenye kivuli cha tangi. Bati moja tu lilinitenga na mama mkwe wangu, nami niko nusu uchi, mweusi mpaka masikioni. Nikaacha kupumua kadiri ilivyowezekana.

Mong'ina akauliza mume yuko wapi. Bathsheba akasema nguo zake zipo, huenda anaoga mahali. Mong'ina akauliza kwa maji gani. Kisha akasema aliyokuja kuyasema. Kwamba binti yake analala na ndama kwenye banda la mtu. Kwamba mvua inakuja na mtoto atakohoa. Kwamba nyumbani Gesima kuna chumba, na hakuna atakayeuliza lolote.

Nilisikia ng'ombe wa bondeni, nikasikia lami ikidondoka kutoka kidevuni mwangu.

“Mama,” Bathsheba akasema, “unauona ule mlango?”

Mong'ina akasema anaona tundu.

“Alipopima nyumba aliniuliza ninataka mlango uelekee wapi. Nikamwambia ninataka nikifungua asubuhi nione milima ya kwetu. Akaweka nguzo. Alikosea. Nikasimama pale nikaona choo cha Ombui. Akazing'oa zote, akaanza upya. Hakulalamika. Wewe, mama, baba aliwahi kukuuliza mlango uelekee wapi?”

Mong'ina akasema baba yake alikuwa mtu mwema.

“Sikusema hakuwa mwema.”

Kisha Bathsheba akasema kilima hiki kimemchosha shingo. Kwamba anapandisha maji na kiburi changu kinayanywa. Kwamba nikisikia neno “saidia” nafunga masikio kama mtu aliyetukanwa, na hajui ni nani aliyenitukana. Akasema hajaamua. Anaweza kuondoka kesho. Ila asubuhi akija kukandika, huwa anasimama kwanza kwenye lile tundu.

Macho yangu yaliwasha. Lami ina moshi mkali sana.

Nikapiga chafya.

Ndani ya tangi chafya si chafya. Ni radi. Nikasikia kikapu kikianguka. Halafu mama mkwe wangu, ambaye sauti yake haijawahi kuelekezwa kwangu tangu siku ya mahari, akasema taratibu, akimwambia binti yake:

“Mimi naenda kutazama migomba, na sitageuka nyuma. Nitarudi tangi likishavaa shati.”

Nyayo zake zikatokomea. Bathsheba akapanda juu ya mawe, akagonga bati.

“Baba Gesare,” akasema, “upo humo?”

Nikasema nipo.

“Umesikia?”

Nikasema tangi ni nene, husikii kitu.

Akaenda kuomba ngazi. Ombui akaileta mwenyewe. Hakucheka. Alinishika mkono nilipokwama mdomoni mwa tangi, akanivuta, akanipa koti lake, akaenda nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikocheka. Ilichukua muda.

Jumatano, 3 Machi

Mafuta ya taa yametoa lami usoni. Masikioni imebaki.

Mama mkwe amelala kwa Esnah. Hajaondoka. Bathsheba pia hajaondoka, lakini hajasema anabaki. Leo nimebeba maji. Mtungi mmoja, begani, kutoka chemchemini mpaka juu. Nilipumzika mara nyingi. Nilipofika, nusu yake ilikuwa imemwagika. Nimekaa na mtungi ule nikimfikiria yeye na shingo yake. Nilitaka kumwambia jambo. Alipokuja nikamwambia mtungi una tundu. Akautazama, akasema hauna.

Ijumaa, 5 Machi

Watu wamejaa kilimani!

Sikumwita mtu. Nataka hilo liandikwe. Mong'ina na Esnah waliongea jana, na leo asubuhi risaga nzima ilikuwa ikipanda na majembe na mitungi. Wanaume walichimba udongo, wanawake wakabeba maji, wengine wakaukanyaga kwa miguu wakiimba ule wimbo wenye jina langu. Nilitaka kusema kwamba nyumba hii haiombi. Bathsheba alikuwa kwenye kundi la wanaokandika, mikono ina udongo mpaka viwikoni. Akanitazama.

Nikafunga mdomo. Nikavua koti, nikaingia kwenye udongo.

Ombui alikandika ukuta wa mlangoni. Nilimwambia aweke udongo mwingi zaidi juu ya kizingiti. Akauliza kama ninataka kuja kumshikia. Nikamshikia. Tulifanya kazi bega kwa bega kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Hakuuliza “leo tena?” Wala mara moja. Hilo nimeliona.

Jua lilipoinama kuta zote zilikuwa zimesimama, na mlango umetiwa ubao. Watu wakala ugali wa wimbi na mboga chungu ya chinsaga, alivyopika Esnah. Wimbi lenyewe sijui lilitoka wapi. Sikuuliza.

Jumapili, 7 Machi

Mvua! Imenyesha mchana mpaka kilima kikanguruma. Tulikuwa ndani. Ndani ya nyumba yetu! Mkeka ukiwa kavu, Gesare akiruka huku na huku akipiga kelele kushindana na mabati. Kuta zilinyonya unyevu kidogo, zikasimama. Tangi limejaa hadi pale lami ilipoishia. Juu ya hapo linachuruzika kama ng'ombe mwenye chuchu nyingi.

Mvua ilipokatika Mong'ina aliondoka kwenda Gesima. Peke yake. Alipita mbali nami, ametazama pembeni, kama inavyopasa. Lakini alipofika penye tangi aliliinamia kichwa kidogo. Alilisalimu tangi! Bathsheba alicheka mpaka akaketi chini.

Kisha akasimama penye mlango. Mawingu yalikuwa yamefunguka upande wa Gesima. Nikasimama nyuma yake. Nilikuwa na la kusema, nikalitafuta. Akasema nisiseme kitu, nitaharibu. Nikanyamaza. Ni mara ya kwanza kunyamaza kumenifaa.

Jumanne, 9 Machi

Asubuhi nimekaa nje na chai, nimetazama nyumba, nimefikiri sana juu ya yote yaliyotokea. Somo ni wazi. Mtu akishikilia uamuzi wake na kusimama peke yake, nyumba inasimama. Nilisema nitajenga bila kuomba, na nimejenga bila kuomba. Sikuomba hata mara moja!

Sasa nawaonea huruma wasiojitegemea. Mtazame Ombui. Mvua imetia tope chemchemini, naye maisha yake yote anategemea lile shimo moja, pamoja na kijiji kizima. Huo ni utumwa. Na mimi huku juu nina maji safi yanayomwagika bure. Nimepata wazo. Nitachimba mfereji kutoka tangini mpaka jikoni kwake, nilaze mianzi iliyopasuliwa. Maji yanateremka yenyewe. Kitu kinachoteremka hakihitaji kusukumwa, ninajua kwa uzoefu.

Bathsheba ameuliza kama nimemwambia Ombui. Nimesema hapana, itakuwa zawadi. Ameuliza mfereji utapita wapi. Nimesema katikati ya migomba yake, ile iliyobaki. Ameuliza nani atachimba. Mimi, nimesema. Peke yangu, bila msaada wa mtu.

Ameingia ndani na kufunga mlango. Ni ishara ya kuniachia uwanja.

Nimeanza. Jembe nimelichukua kwa Ombui. Sikumsumbua kwa kumwomba; hakuwapo.