Pete Moja, Mito Thelathini na Miwili

Jumatatu, tarehe 4 Agosti. Siku ya kumi na saba ya ndoa.

Nimeoa! Najua niliandika hivyo jana na juzi, lakini bado naona neno halijakaa sawasawa kwenye karatasi. Nimeoa nesi. Asubuhi amevaa sare yake, amebana saa ndogo kifuani, akaniambia chai iko jikoni. Chai iko jikoni! Maneno matatu, nami sikuweza kutunga uzi kwenye sindano kwa robo saa nzima.

Likizo imeanza. Watoto wa mke wangu wako nyumbani. Sasa ni wangu pia, ingawa wao hawajaarifiwa rasmi. Binti ana miaka kumi, namwita Hakimu kwa sababu husikiliza kila jambo hadi mwisho kisha hutoa hukumu. Mdogo wake ana sita. Huyo ni Kwanini. Wao wananiita Fundi, kama anavyoniita mama yao. Mimi ni fundi wa makochi na karakana yangu ni chumba cha nyuma, kwa hiyo mlezi wa mchana ni mimi.

Sasa tatizo. Jana alikuja mama mkwe. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu aliyezoea kukaa na makochi atapata taabu kukaa na watoto, maana makochi hayaombi kwenda chooni. Kwake kuna uwanja, kuna televisheni kubwa, kuna sungura saba. Watoto wakamalizie likizo huko. Tukakubaliana hivi: wiki moja wakae hapa, kisha waseme wenyewe wanataka wapi.

Baadaye mke wangu alinifuata jikoni. Akasema likizo tatu mfululizo amewapeleka kwa bibi yao kwa ajili ya zamu zake. Angependa mara moja tu arudi kutoka kazini awakute nyumbani. Alisema huku akifuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

Watabaki. Nimeapa mbele ya cherehani.

Leo nimejaza sebule vipande vya sponji hadi magotini. Bwawa la kuogelea! Nikapiga mbizi ya kwanza kuonyesha mfano. Chini ya sponji kulikuwa na meza. Kwanini akauliza kwa nini nimelala. Hakimu akasema mchezo si mbaya, ila uwanja wa bibi hauna meza.

Baadaye nimewafundisha kazi kidogo. Nina oda ya mito thelathini na miwili ya viti vya mgahawa mpya, kitambaa cha kijani. Nimewaambia kanuni kuu ya ufundi: mto haukabidhiwi ukiwa na alama ya chaki. Fundi safi hufuta chaki. Wamesikiliza kwa makini ya ajabu. Watoto gani hawa!

Jumanne, tarehe 5 Agosti. Siku ya kumi na nane.

Nimepata wazo la kuzima sungura wote saba. Kusaka hazina! Nimeficha pakiti ya biskuti, nikaandika vidokezo sita. Hakimu ameipata kwa dakika mbili bila kusoma hata kidokezo kimoja. Kisha akaniambia, kama mtu anayemsahihisha mkubwa wake kwa heshima, kwamba kitu kinachouzwa dukani si hazina. Hazina ni kitu ambacho kikipotea mtu analia.

Ana akili kama mama yake. Nimekaa nikafikiri. Nina nini mimi ambacho kikipotea nitalia?

Nikaivua pete.

Ni kwa dakika kumi tu, nilijiambia. Nimechukua mto mmoja kati ya ile thelathini na miwili, nikapasua sponji katikati, nikaizamisha pete humo, nikaushona mto kwa ile sindano yangu iliyopinda. Ushonaji safi! Hata mimi nisingejua. Kwa hiyo nikatia alama ndogo ya chaki pembeni, nikaenda jikoni kuandika vidokezo. Kidokezo cha nne nilikitunga kwa vina. Kilinichelewesha.

Niliporudi karakana, Kwanini alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, anang'aa kama bati jipya. Ameona chaki kwenye mto mmoja. Akaifuta. Kisha, kwa kuwa yeye ni fundi safi, akafuta mito yote mingine hata ambayo haikuwa na kitu. Sikuweza kumgombeza. Kanuni ni yangu.

Nikasema hakuna neno, tutaikagua mmoja mmoja. Wakati huohuo mlango ukagongwa. Mwenye mgahawa, na pikapu, amekuja siku mbili mapema. Akaisifu mito. Akaibeba yote. Nami nikamsaidia kupakia! Nilimsaidia kwa sababu alikuwa anaisifu.

Hakimu alitazama pikapu hadi ikapinda kona. Akasema sasa hiyo ni hazina.

Saa kumi na moja mke wangu amerudi. Nimefunga kidole cha pete kwa kitambaa, nikasema nimejichoma na sindano. Nilikuwa nimesahau nimeoa nani. Akaweka mkoba chini, akaniambia nilete hicho kidonda akione. Nilirudi nyuma hadi nikafika ukutani. Ndipo Hakimu alipoinuka.

"Mama, nimeshamfunga mimi. Nilianza kwa maji ya chumvi, nikakausha, ndipo nikafunga. Usifungue, utaingiza vijidudu."

Mke wangu akamtazama binti yake. Machozi yakamlenga. Akasema sawa, daktari, mgonjwa ni wako. Akampa bandeji ya kweli kutoka kwenye mkoba.

Sijawahi kuona uongo uliosimamiwa kwa usafi kiasi kile. Nimefurahi na nimeona aibu kwa pamoja. Zaidi nimefurahi.

Jumatano, tarehe 6 Agosti. Siku ya kumi na tisa.

Tumefanya kikao karakana, sisi watatu. Mama yao asijue. Kwanini aliuliza kwa nini. Nikamwambia mtu aliyeoa siku kumi na tisa hawezi kumwambia mkewe kwamba pete inakaliwa na wateja. Akaelewa. Hakimu akasema tuna hadi Jumamosi, maana Jumapili bibi anakuja kuwauliza, na tangu sasa mimi nisifiche kitu.

Mpango wa kwanza ni wangu: sumaku. Nimetoa moja nzito kwenye spika mbovu. Tutaipitisha juu ya kila mto, pete itavutwa, tutashona tena, tutakwenda nyumbani. Rahisi! Tulikuwa njiani kwenda mgahawani Hakimu aliponiuliza pete ni ya nini. Nikasema dhahabu, bila shaka. Akatembea hatua kadhaa.

"Sumaku haishiki dhahabu. Ikiishika, basi ulimdanganya mama."

Sijawahi kuingia mahali nikiwa nataka kufaulu na kushindwa kwa pamoja namna ile. Kiti cha kwanza, sumaku ikaruka mkononi mwangu na kunasa kwa kishindo. Nimedhulumiwa na sonara!

Lakini hapana. Ilikuwa imenasa kwenye fremu. Viti vyote ni vya chuma. Tulivuta watatu, Kwanini akiwa ameng'ang'ania kiuno changu, hadi ikaachia na sote tukakaa sakafuni. Mwenye mgahawa akauliza kulikoni. Nikasema tunapima uimara wa viti. Akauliza matokeo. Nikasema ni imara mno.

Pete ni dhahabu halisi, basi. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Kilometa moja nzima ndipo nikakumbuka kwamba bado imepotea.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti. Siku ya ishirini.

Siku ishirini! Mke wangu ameimba akipiga pasi sare. Hajui kuimba. Nimesimama mlangoni hadi wimbo umekwisha.

Mpango wa pili ni wa Hakimu, na ni mzuri kuliko wote niliowahi kutunga maishani. Tumekwenda kwa mwenye mgahawa saa ambazo hakuna wateja. Hakimu akamweleza kwamba sisi hukagua kazi baada ya kukabidhi, bure, mito yote, mmoja mmoja, hadi ndani ya sponji. Mwenye mgahawa alitaka kulia. Akasema katika miaka yake yote hajaona fundi anayerudi bila kuitwa. Mafundi wake wote yeye ndiye hugonga milangoni kwao. Akatupa meza ya pembeni, na soda tatu.

Nafumua, napapasa, nashona. Kwanini anabeba mito na kuulizia hali ya kila mmoja. Baada ya mto wa tano Hakimu akaniomba sindano. Nikasita, maana ile sindano iliyopinda ilinichukua miaka miwili kuizoea. Akaishika kwa vidole vitatu, akaipitisha, akavuta uzi. Mshono ukanyooka kama mstari wa daftari. Nikabaki mdomo wazi. Akauliza kama nimechoka.

Mito kumi na miwili. Pete hakuna.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti. Siku ya ishirini na moja.

Mito tisa zaidi. Hakuna. Vidole vyangu vimevimba, sasa bandeji ina kazi ya kweli.

Mama mkwe amepiga simu kuongea na watoto. Nimesikia anamwambia Kwanini kwamba sungura mmoja amezaa. Amezaa! Wiki hii hii! Huyo mama anajua vita. Kwanini akauliza kwa nini, na mama mkwe akakata simu haraka.

Jioni mke wangu amewauliza wanafanya nini mchana kutwa. Wakajibu kwa pamoja: kazi. Akaniangalia kwa wasiwasi. Kisha akasema watoto wanalala mapema na hawagombani, sijui unawapa dawa gani. Akaniegemea begani. Nilijiona mtu mbaya kuliko wote, na mwenye bahati kuliko wote. Bega lile halijaoshwa hadi sasa.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Siku ya ishirini na mbili.

Mama mkwe amekuja mapema, siku moja kabla. Kwa kuwa mke wangu hana zamu, akatangaza kwamba anatupeleka sote kunywa chai, tena pale kwenye mgahawa mpya, aone hiyo mito ya mkwewe inayosemwa. Hakimu alinitazama. Mito kumi na mmoja haijaguswa.

Tukafika. Mama mkwe ni mwanamke mwenye uzito wa heshima. Akachagua kiti, akakaa. Akainuka. Akakaa tena, polepole, kama anayepima maji ya moto. Akasema mkwe wangu, humu kuna jiwe.

Fundi aliye ndani yangu aliumia. Nilifungua mdomo kujitetea, kwamba sponji yangu haina jiwe, inchi mbili kamili, ya daraja la kwanza! Ndipo mume aliye ndani yangu akamkanyaga fundi mguu. Nikamwomba mama ainuke kidogo. Akasema hainuki, amechoka kuinuka, kwanza nimweleze nimemtilia nini. Nikampigia magoti. Mgahawa mzima ukageuka. Mwenye mgahawa akaja mbio, akaeleza meza zote kwamba huyu ndiye yule fundi anayekagua kazi yake hata siku za mapumziko.

Mama mkwe akainuka kwa mshangao. Hakimu alikuwa ameshatoa wembe mdogo wa kufumulia mfukoni. Mishono sita. Mkono ndani. Pete.

Mke wangu akaitazama pete, akanitazama, akawatazama watoto waliokuwa wamejipanga pembeni yangu kama washtakiwa wenza. Akavuta kiti chake karibu.

"Fundi, lete kidole nione kidonda."

Akafungua bandeji taratibu, mzunguko kwa mzunguko, kama mbele ya mgonjwa wa kweli. Kwanini hakuweza tena, akamwaga yote: biskuti, chaki, pikapu, sumaku. Alipofika kwenye sumaku na dhahabu, mke wangu akalaza kichwa mezani. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi saa ile ndogo kifuani... hapana, leo hakuivaa. Alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akanivisha pete upya mbele ya watu wote, kwenye kidole kilichovimba, na iliuma sana, na ningevishwa hata mara kumi.

Mama mkwe hakucheka. Akasema ameona ya kutosha. Nyumba hiyo watoto wakikaa wiki ya pili, nao watashonewa ndani ya kochi. Akawageukia, akasema wafungashe, sungura wanangoja. Mke wangu akaacha kucheka. Akashika kikombe kisicho na kitu.

Hakimu alikuwa anaushona ule mto. Akakata uzi kwa meno kwanza.

"Bibi, tutakuja kuwaona sungura. Lakini mito kumi bado hatujaikagua, na tulimwahidi huyu bwana mito yote."

Kwanini akasema na kuna mmoja ni dhaifu, amemwahidi kumrudia. Mama mkwe akauliza wakimaliza hiyo kumi je. Hakimu akafikiri hadi mwisho, kama kawaida yake. Akasema wakimaliza, huyu Fundi atakuwa ameshapoteza kitu kingine, na hawezi kuachwa peke yake.

Mke wangu akageuza uso dirishani. Nimeuona kwenye kioo. Sitauelezea, hauandikiki.

Jumapili, tarehe 10 Agosti. Siku ya ishirini na tatu.

Wamebaki! Likizo nzima! Mipango yangu imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mke wangu amekwenda zamu ya asubuhi anatabasamu peke yake barabarani.

Nimetafakari kwa uaminifu kosa langu liko wapi. Ni wazi. Hazina ilikuwa ndogo mno, na niliificha kwenye kitu kinachobebeka. Fundi mwenye busara huficha kitu kikubwa, mahali pasipohamishika. Kwa hiyo leo nimechukua funguo za nyumba, zote, pamoja na za akiba, nikazificha sebuleni mahali ambapo hata mwizi mzoefu asingeota. Kisha nikawatoa watoto nje ili mchezo ufunguliwe rasmi kwa hotuba.

Upepo ukafunga mlango. Ni ule unaojifunga wenyewe.

Naandika haya barazani. Kwanini anachungulia tundu la kitasa na kuuliza maswali. Hakimu anapima dirisha la choo kwa futi yangu ya kazi, na nadhani ameanza kufurahi. Haidhuru, mke wangu atakuwa na ufunguo wake. Hapana, na wake nimeuficha.

Huyoo, naona anakuja, ametokea kona ile. Jamani, anavyotembea!