Pua ya Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Fundi ni mimi, wengine wabeba ngazi tu! Wafadhili wamelipia ving'ora vya moto jengo zima, na wapangaji wamo humo humo na vitanda vyao. Kila chumba kinafungwa darini kidude cha kunusa moshi. Mimi nakiita pua. Pua ikilia, namba ya chumba chake inatokea kwenye kisanduku mlangoni. Mjomba kasema mkaguzi akiridhika Alhamisi, navaa fulana ya FUNDI. Asiporidhika, narudi kwa shangazi kuchunga mbuzi.

Kimebaki namba tisa. Mzee wa humo alifariki mwezi uliopita. Nimefungua, nimeona ndara zake zimeelekea kitandani, nimefunga. Siogopi! Baridi tu. Pua ya tisa nimeitundika stoo, ninakojificha kuvuta sigara. Nani atajua?

Jumanne, 4 Machi
Niko stoo navuta, king'ora hicho! Wapangaji wakamwagika nje, mmoja na mapovu kichwani. Kisanduku kinasema tisa. Mjomba kanusa tundu la ufunguo: hakuna moshi. Akaniamuru nifungue. Nikamwambia ufunguo umegoma. Mama wa namba kumi, mwenye kichanga, akasema saa hizi ndipo marehemu alikuwa akiwasha kiko. Nikamcheka. King'ora kilipotulia nikarudi stoo kutuliza moyo kwa sigara. Tisa ikalia tena!

Jumatano, 5 Machi
Nimewaza hadi kichwa kimechemka. Pua ya tisa haimo tisa, niliitundika stoo mwenyewe. Sasa kule analia nani? Mama wa kumi anafungasha vyombo. Mjomba kasema kesho mkaguzi atapuliza moshi chini ya kila pua. Mama yangu! Nimeitoa pua stoo, nimeingia tisa jicho moja wazi, nimeifunga darini, nimetoka mbio na ngazi shingoni. Ndara zimeelekea mlangoni.

Baadaye nimevuta tatu stoo. Kimya! Mzimu nimeufukuza. Nimemwambia mama wa kumi afungue mizigo. Kaniita baba.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi karidhika. Fulana! Inanibana kwapani, lakini inasomeka.

Ijumaa, 7 Machi
Niko nje naringa na fulana, tisa ikalia. Mjomba yuko jengo la pili, akisikia, ananivua. Nikapanda mbio. Chini ya mlango panatoka harufu ya kiko. Nikaingia. Godoro limebonyea katikati. Ndara hazipo. Pua inapiga kelele peke yake. Nikaing'oa, nikafunga mlango.

Nimemwambia mama wa kumi ilikuwa mbovu, amlaze mtoto bila wasiwasi. Akauliza mbona tumbaku bado ananusa. Nikamwambia hiyo pua yake sikuifunga mimi.

Ya tisa nimeirudisha stoo, ilikozoea. Fundi hujua kusahihisha! Hapa pembeni kuna ndara, sijui nani kazisahau. Nimezivaa. Zinanienea kabisa, tena bado zina joto.

Kiberiti kiko wapi? Najipongeza.