Manyoya Thelathini na Manane kwa Mama Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Leo nimetoa ahadi. Nimeitoa mbele ya watu sita, mama mkwe akiwemo, kwa hiyo hairudi mdomoni.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe anahamia kwetu Jumapili ijayo. Tangu baba mkwe afariki, nyumba kubwa imemshinda. Chumba chake tumeshakipaka rangi, kitanda kipo. Basi akafungua mfuko, akatandaza mezani kitu alichokishona kwa mkono mwaka mzima na nusu: mashati ya marehemu, yote, yamekatwa vipande vya mraba na kuunganishwa. La mistari, la drafti, la kahawia alilokuwa akilivaa kila Ijumaa. Hilo la kahawia ameliachia mfuko wake na kifungo chake. Dada wa mke wangu akalia. Mimi nikakohoa.

Mama mkwe akasema kilichobaki ni kutia pamba katikati na kitambaa chini, kisha kushonelea vyote pamoja viwe mfarishi. Anataka manyoya. Yale mapambo yanayopinda na kupandana, kama aliyoyaona kwenye mfarishi wa jirani. Akasema kitanda kigeni hakilaliki bila mashati hayo juu yake. Akasema pia kwamba mashati mengine hakuna. Hilo nililisikia vizuri.

Mwanyumba wangu, yule seremala aliyemwoa dada wa mke wangu, akasema taratibu kwamba angeweza kuupeleka kwa fundi. Kila kitu anakisema taratibu. Inaudhi! Nikamkata. Nikasema fundi wa nini, mimi si nafanya kazi kwenye karakana ya mifarishi? Manyoya nayashona macho yamefumbwa. Mke wangu akanitolea macho. Nikajifanya sioni.

Ukweli, kwa ajili ya shajara tu: kazini mimi ni mpiga pasi. Lakini meza yangu ya pasi iko hatua nne kutoka kwenye mashine ya mkono mrefu, ile ya kushonelea mifarishi, na nimesimama hapo miaka mitatu. Kuna kitu gani tena cha kujifunza?

Jumatatu, 4 Machi

Nimemweleza bosi. Tunamwita Mama Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi, hata akinywa chai. Amekubali niitumie mashine saa ya chakula cha mchana, kwenye mabaki ya vitambaa tu. Kwanza lakini nichore. Karatasi na penseli. Manyoya mia tano, amesema, mpaka mkono ukariri.

Maelezo yake marefu mno. Unashona uti kwanza, uliopinda kidogo. Kisha unyoya mmoja mmoja kuanzia chini, kila mmoja kama nusu ya kopa, mgongo wake ukilalia mwenzake. Ukirudi kwenye uti unapita juu ya mstari uleule, bila kutoka nje, ndipo uanze mwingine. Kitambaa hakisogei, kimevutwa kati ya magogo mawili ya kuviringishia. Kinachosogea ni mashine, juu ya reli, na wewe umeshika mishikio yake miwili.

Nikachora tisa. Wa tisa ulitoka mzuri sana. Kuendelea kungekuwa kuuharibu.

Saa saba nikashika mashine. Unyoya wa kwanza: sikio. Wa pili: sikio la upande wa pili. Hadi saa nane nilikuwa nimeshona masikio kumi na moja na kitu kimoja kinachofanana na kiazi kitamu. Mama Rula akapita, akatazama, akasema kitambaa hicho sasa kinasikia kuliko mimi. Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Sina neno nao.

Jumanne, 5 Machi

Chanzo nimekipata. Ni mashine! Meza yake inatikisika upande wa kushoto. Nilijua tu mkono wangu hauna tatizo.

Nikatoa taarifa kwa sauti ya mtu anayelijali shirika. Mama Rula akasema atamwita seremala. Nikafurahi, maana nilitaka kila mtu ashuhudie. Saa sita seremala akaingia. Mwanyumba! Kati ya maseremala wote mjini!

Akapiga magoti, akatia kipande cha ubao chini ya mguu wa meza, akasimama. Dakika mbili. Kisha akaiangalia mashine, akauliza, taratibu, kama angeweza kuijaribu. Mama Rula, ambaye mimi hunipigia kelele nikipumua karibu na sindano, akamkabidhi mishikio.

Mwanyumba amechonga majani na maua kwenye vichwa vya vitanda kwa miaka ishirini. Akashona manyoya saba. Yamelaliana yote. Mama Rula alivaa miwani. Miaka mitatu hajawahi kuvaa miwani kwa ajili ya kitu nilichofanya mimi.

Mwanyumba akanivuta pembeni akaniuliza kama ningependa anisaidie ile kazi ya mama. Nikamwambia asante, mwanyumba, rudi kwenye maranda yako. Akaitikia vizuri tu, akaenda zake. Mtu huyu hana hata adabu ya kukasirika.

Alhamisi, 7 Machi

Mchana nilikiokota kipande chenye manyoya saba ya mwanyumba kutoka kwenye kapu la mabaki. Nia yangu ilikuwa kukitupa mbali, kisiwachanganye watu. Nilikuwa nimekitia mfukoni tu ndipo mama mkwe akaingia karakana. Bila taarifa! Akasema alikuwa akipita, akaona aje aone mwanawe anavyoendelea.

Akauliza kama nina sampuli. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Nikasema hiki kimetoka kwenye mashine yetu. Ni kweli tupu. Sikuongeza kitu.

Kwanza alikigeuza nyuma. Washonaji wote hufanya hivyo, sijui wanatafuta nini. Kisha akapitisha kidole juu ya kila unyoya, polepole, wote saba. Akaniambia nimsamehe. Akasema Jumapili ile alinidharau moyoni, aliona ni maneno yangu yaleyale, na sasa anaona alinikosea.

Nikasema usijali, mama, mimi sina kinyongo.

Niliona aibu. Niliiona kweli, hadi kama saa kumi hivi. Kisha ikapita.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya ushindi! Mama Rula alikwenda kununua pamba, akasema harudi leo. Saa saba na nusu nikapiga moyo konde. Nikafunga kitambaa cha chini, pamba, na mashati ya baba mkwe juu. Nilikuwa nimekata kielelezo cha unyoya kutoka kwenye boksi la viatu. Watu wenye akili hawachori mia tano. Wanakata mmoja.

Unyoya wa nne ukakutana na kifungo cha shati la kahawia. Mlio! Kipande cha sindano kikapita karibu na sikio langu. Nikabadili sindano, nikaendelea. Mashine ina kengele inayolia ukienda mbio. Ililia mfululizo hadi kichwa kikauma. Nikaitia pamba.

Nikiri kwamba safu mbili za kwanza zilikuwa na masikio mawili matatu. Lakini safu ya mwisho! Manyoya kumi na mawili. Uzi uliteleza bila kukataa hata kidogo, mashine ikawa nyepesi kama inajiendesha. Nikajua mkono umekomaa. Niliimba. Sikumbuki mara ya mwisho kuimba kazini.

Jumla thelathini na manane. Nikatoa, nikakunja, nikatia kwenye mfuko mkubwa. Kuugeuza sikuugeuza. Ya nini?

Kitaulo cha kufutia mikono cha Mama Rula hakionekani. Watu wa karakana hii wana mkono mwepesi.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nikamwita mke wangu sebuleni. Nikautandaza mfarishi kwa madaha. Akautazama. Kisha akaugeuza. Ugonjwa wa ukoo mzima!

Chini kulikuwa na nyuzi zilizojikunjakunja kama nywele zisizoona kitana. Kitaulo cha Mama Rula kilikuwapo pia, kimeshonelewa pembe zote nne. Kwa haki, hapo ndipo mishono ilipokuwa mizuri zaidi. Na chini ya safu yangu ya mwisho hakukuwa na kitu. Uzi wa chini ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimeshona manyoya kumi na mawili kwa uzi wa juu peke yake, na ndiyo maana haukukataa.

Mke wangu akaushika uzi nchani, akavuta. Yakatoka yote kumi na mawili kwa mvuto mmoja.

Nikamweleza kwamba hiyo inaonyesha jinsi mkono wangu ulivyo mwepesi. Yeye alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: kama mashati yamechanika. Karibu na kifungo cha shati la kahawia akakuta tundu, dogo kama punje ya mchele. Akakaa chini sakafuni, shati limo mikononi mwake. Hapo niliogopa. Sikuogopa kugombezwa. Niliogopa kwa sababu mashati mengine hakuna.

Akapiga simu. Nikapendekeza tuseme karakana ilikatika umeme. Akaniambia ninyamaze. Saa tatu wakafika wote: dada yake, mwanyumba na mfuko wa vifaa vyake, na mama mkwe mwenyewe. Nikasema kwani mama ni lazima? Mke wangu akasema mashati ni ya mume wake, na hakuna anayejua kufumua kama yeye.

Mama mkwe akaugeuza mfarishi. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mguu wa meza, nikaimeza. Akavaa miwani, akaketi kwenye mkeka, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja. Wote tukakaa tukaanza. Manyoya ishirini na sita, mishono mifupi, nyuzi ngumu.

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Nikataka ardhi inimeze.

Alikuwa anacheka! Akasema siku tatu kabla ya harusi yao, marehemu alidai anajua kunyoa, akawanyoa kaka zake wawili. Kwenye picha za harusi wote wamevaa kofia. Alidai anajua kuogelea, wakamtoa majini watu wawili. Alidai anajua kutengeneza redio, ikabaki na vipande vitano visivyo na pa kurudi, na akasema vilikuwa vya ziada. Miaka arobaini na mbili hakuwahi kumsikia akisema sijui, hata mara moja. Akasimulia na kufumua, kufumua na kusimulia, hadi alasiri. Dada wa mke wangu alicheka mpaka akajichoma sindano. Mke wangu alininong'oneza kwamba mama yake hajasema maneno mengi hivyo tangu siku ya mazishi.

Ulipobaki unyoya mmoja, ule wa kwenye shati la kahawia, mwanyumba akainua kisu chake kidogo. Mama mkwe akauwekea kiganja. Huu uacheni, akasema. Huu ni yeye kabisa.

Naweka kwenye kumbukumbu: nimefananishwa na baba mkwe, mtu aliyeheshimiwa na mtaa mzima. Na kati ya manyoya yangu thelathini na manane, mmoja umechaguliwa. Mwanyumba mpaka saa hii ana sifuri.

Jumapili, 10 Machi

Mama Rula alifungua karakana asubuhi kwa ajili yetu. Mwanyumba akashona, Mama Rula amesimama nyuma yake kwa miwani. Manyoya yakapanda kutoka pembe hadi pembe, na yalipofika kwenye ule wangu yakauzunguka yakaendelea. Ni mazuri. Nimeandika, basi. Mimi nikapiga pasi. Kitaulo nimekirudisha.

Saa sita mama mkwe akahamia. Baada ya chakula akajilaza, mfarishi hadi kidevuni, kiganja juu ya mfuko wa shati la kahawia. Akalala hapo hapo, mchana kweupe, mdomo wazi. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Nilifurahi mno. Sijui kuliandika kwa namna nyingine.

Alipoamka akatoa mfuko wa pili. Suruali za marehemu, makoti yake mawili ya sufu, tai. Akasema angependa kutengenezewa mfarishi mwingine, wa kumpa mjukuu wa kwanza, akauliza nani ataushona. Mwanyumba akavuta pumzi ajibu, taratibu kama kawaida yake. Huo ndio udhaifu wake. Nikawahi. Nikasema sufu ndiyo hasa fani yangu.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Akafuta machozi, akanitazama, akacheka upya. Sijaona mtu mwenye imani na mimi kiasi hicho.

Mke wangu akauchukua mfuko, akaenda kuuficha. Nimeuona. Uko juu ya kabati la jikoni, nyuma ya sufuria kubwa. Pale siwezi kufika bila ngazi. Ngazi anayo mwanyumba. Nitamwambia ni ya kubadilishia taa.