Hazina Ina Mwenyewe

Jumamosi, 4 Septemba 1999

Nimenunua Mashine! Kaniuzia Harjit, mwenye duka la vitu vikuukuu hapa chini ya fleti yangu, Kilburn, London. Ni fimbo ndefu yenye sahani mwishoni na hedifoni za kuvaa masikioni. Unaipitisha juu ya ardhi. Penye kitu cha madini, inalia. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee wa Kizungu, amekufa. Nikauliza alipata nini nayo maishani mwake. Harjit kasema alipata hewa safi. Mfanyabiashara gani huyu!

Sababu niiandike wazi, maana hapa simwonei mtu haya. Jana baada ya sala, mkahawani Edgware Road, Asad alitoa sarafu ya Kirumi mfukoni. Kijani, imeliwa pembeni, mfalme hana hata pua. Kaipata mwenyewe shambani mwezi uliopita, kwa mashine kama hii. Meza nzima ikamwinamia. Hata mimi niliinama, kwa adabu. Saa ya kuondoka wakaja wanawe wawili na mjukuu kumchukua. Sasa wanakuja kila Ijumaa! Tangu lini? Tangu sarafu. Sihitaji kuambiwa mara mbili. Watoto wa London huja kwa mzazi mwenye kitu cha kutazamwa.

Miska wangu ni mfamasia, yuko mji wa Reading, nje ya London. Mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa hitima ya mama yake, marehemu mke wangu Ummukulthum, mwaka jana. Alipokuwa mdogo hakubanduka makumbusho. Nilikuwa nikimvuta mkono, analilia vyungu vya Warumi. Basi, Warumi nitampatia.

Jumapili, 5 Septemba

Mvua. Nimeijaribu Mashine ndani. Inalia kwenye redieta ya kupasha chumba joto. Inalia kwenye kitanda. Inalia kwenye meno yangu ya bandia! Chini ya zulia, upande wa Ummukulthum, ililia kidogo tu, kama mtu anayeomba radhi. Nikafunua. Chupio lake la nywele. Nimekaa nalo sakafuni mpaka chai ikapoa. Nilimimina vikombe viwili tena. Mkono wangu bado haujapata habari.

Jioni nikashika simu kumpigia Miska. Nikaiweka. Nikaishika. Nikaiweka. Nimwambie nini, kwamba nimepata chupio? Mtu humwita mwanawe kwa jambo. Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Keshokutwa naanza.

Jumanne, 7 Septemba

Treni mpaka Epping, mwisho wa reli. Halafu basi. Halafu miguu. Nikafika kwenye shamba la ngano, imekwisha kuvunwa, yamebaki mabua makavu. Mwenye shamba anaitwa Bwana Tibbs, mashavu mekundu, na mbwa asiyependa wageni. Huku bila ruhusa ya mwenye ardhi wewe si mtafutaji, ni mwizi. Kwa hiyo nilivaa koti langu la Idi. Kanitazama toka juu mpaka chini, kauliza natafuta nini. Nikasema historia. Akasema niitafute, ila nifukie mashimo, na kitakachopatikana tugawane nusu kwa nusu.

La haula! Shamba limejaa! Kila nikitia mguu, Mashine inapiga kelele. Kushoto inalia, kulia inalia. Nikachimba, nikakuta udongo. Nikachimba zaidi, nikakuta udongo ulioko chini ya ule wa kwanza. Hakuna shaka: ni mji mzima wa Kirumi, ila uko chini sana. Mgongo umekufa. Kilichoniokoa ni buti zangu za gereji ya mabasi, nilizopewa kabla sijastaafu. Tope lote lile halikunipata. Nimefukia mashimo yote isipokuwa lile nililotumbukia.

Ijumaa, 10 Septemba

Fedheha!

Nimeutangaza mji wa Kirumi mkahawani. Nilingoja kwanza kila mtu apate kahawa yake. Asad akanisikiliza kwa upole, ule upole wake mbaya, kisha akaniita Bwana Vuai kwa sauti ya daktari na kuuliza huko shambani nilivaa viatu gani. Nikasema buti za kazini. Akauliza, zile zenye chuma puani?

Meza ikapasuka kwa kicheko. Muuza halua alishika ukuta asianguke. Asad akasema kikulacho ki nguoni mwako, ila changu mimi kimeteremka mpaka kiatuni. Siku nzima, basi, nilikuwa nikivumbua vidole vyangu mwenyewe.

Kisha akajitia wema. Twende pamoja kesho, kasema, gari analo, mkewe atatufungia maandazi. Ng'o! Anataka nusu ya sifa. Nusu tayari ni ya Tibbs, sasa mimi nitabaki na nini? Nikamjibu kwamba nimezoea kuwa peke yangu. Si kweli. Lakini ndivyo nilivyosema, na hakuna aliyebisha.

Wanawe wakaja kumchukua. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza safari hii amewaonyesha nini. Akasema hajawaonyesha kitu. Yeye huwapigia simu tu, nao wanakuja. Mjanja! Anaificha siri yake mbele ya macho yangu.

Jumamosi, 11 Septemba

Leo nimevaa raba. Mashine kimya. Asubuhi kimya, mchana kimya. Nimepata vifuniko vya chupa za bia, parafujo ya trekta na nusu ya kiatu cha farasi. Miska alikuwa akililia vyungu, si viatu vya farasi.

Chakula nilikula ukingoni mwa shamba. Kuna upepo na kunguru, basi. Nilifungua mkate na mayai, nikasema karibu, kwa mazoea, na hapakuwa na mtu wa kujibu. Akaja yule mbwa wa Tibbs. Akala yai moja, akaenda zake bila asante. Nilibaki na hedifoni masikioni hata baada ya kuzima Mashine. Ukizivaa unaonekana kama una unalosikiliza.

Akili imenijia ndani ya treni. Kwetu nani asiyejua? Hazina iliyozikwa haikai bure. Ina mwenyewe, na mwenyewe si mtu. Amewekwa jini ailinde, na jini haondoki mpaka afukiziwe na kuombwa kwa adabu. Asad hakufukiza, ndiyo maana alipata sarafu moja isiyo na pua. Mimi nitapata chungu kizima!

Nimeteremsha chetezo cha shaba cha Ummukulthum kutoka juu ya kabati. Kila Alhamisi jioni alikuwa akifukiza udi, nyumba nzima, mpaka nguo za shule za Miska. Tangu afe hakijawashwa. Makaa ninayo, ubani ninao. Halua pia nimenunua, kwa ajili ya jini. Nimeionja. Nimebakisha nusu.

Jumapili, 12 Septemba

Niandike kwa utaratibu. Mikono bado inanuka moshi.

Nilichagua katikati ya shamba. Nikawasha makaa, nikatia ubani, nikazunguka na chetezo huku nikimweleza jini haja yangu. Kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, maana jini wa huku sijui kasomea wapi. Nikamwambia sihitaji vyote. Kimoja tu kizuri, cha kumwonyesha mwanangu. Kisha nikaweka chetezo chini ili niombe dua kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipokosea. Mabua makavu! Upepo ukageuka, cheche ikaruka, na nilipofumbua macho moto ulikuwa unatembea. Nikaupiga kwa koti. Koti la Idi!

Bwana Tibbs akaja na trekta, mbwa mbele. Akakipiga chetezo teke moja, kikaruka mpaka mtaroni, ndani ya majani ya kuwasha. Moto akauzima kwa koleo na tope. Halafu akaniuliza kama najua kwamba siku hizi hata yeye, kwenye ardhi ya babu yake, serikali imemkataza kuchoma mabua. Nikamwambia sikuwa nikichoma mabua, nilikuwa nikimfukizia jini. Haikusaidia.

Akanipeleka jikoni kwake, akanipa chai isiyo na sukari, akauliza ampigie nani aje kunichukua. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Mbwa naye alikuwa ananitazama. Nikataja namba ya Miska. Sikuhitaji kuitafuta popote.

Nilijua hatakuja. Jumapili, na Reading yote ile!

Alikuja. Kavaa nguo za kazi, funguo mkononi, na uso wa mama yake siku wali ukiungua. Akanikaripia kwa Kiingereza mbele ya Tibbs, mbio mbio, moto, umri wangu, ningekufa. Niliinamisha kichwa. Kisha akasogea, akanusa lile koti lililoungua. Akaniuliza, kwa Kiswahili, na Kiswahili sijamsikia nacho tangu hitima, chetezo cha mama kiko wapi.

Nikamwambia. Nilidhani atalia, au atanipakia garini bila neno. Akakunja mikono ya shati, akaichukua Mashine, akauliza inawashwaje.

Tukashuka mtaroni. Mimi nikifyeka majani kwa fimbo ya Tibbs, yeye akipitisha sahani. Hedifoni tuligawana, sikio lake moja na langu moja, kwa hiyo ilibidi tutembee vichwa vimegusana. Ikalia: kifuniko cha bia. Ikalia: waya. Akasema Baba, mashine yako ni mlevi. Nilicheka mpaka nikawashwa na majani nisihisi. Kisha ikalia sauti nyingine, nzito. Miska akapiga magoti topeni na nguo zake za kazi, akachimba kwa vidole. Kimebonyea ubavuni, lakini ndicho chenyewe. Akakileta puani. Akalia na kucheka kwa pamoja, akasema kinanukia Alhamisi.

Garini tulikula ile halua ya jini. Ilikuwa na majivu kidogo. Njia haikuwa ndefu kama ninavyoijua.

Tulipofika Kilburn akapanda ngazi pamoja nami. Mezani akavikuta vikombe viwili vya asubuhi, kimoja kimejaa. Alikitazama kwa muda. Kisha akakiosha, akajimiminia chai, akakaa pale pale alipokuwa akikaa mama yake. Nilifurahi mno, naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 13 Septemba

Miska kapiga simu kabla sijavaa. Kasema kuanzia sasa niende kwake kila Jumapili, atakuja kunichukua na gari, atapika pilau ya mama yake na mimi nimwambie ilipokosa. Kasema nisitafute kitu chochote. Nishike simu tu, hata kama sina la kusema. Alikuwa akiisubiri simu yangu mwaka mzima, kasema, akidhani sitaki kusumbuliwa.

Watoto wa siku hizi wana huruma! Lakini mimi si mjinga. Jana kilichomleta ni nini? Palikuwa na kitu ardhini, na Mashine ilikuwepo, akaja. Mwenye macho haambiwi tazama. Na Mashine imethibitika: inapata! Lililobaki ni shamba tu. Tibbs kanifungia lango, sawa, lango ni lake. Harjit anamjua mkulima mwingine, huko Kent, na dukani ana sahani kubwa zaidi, inasikia mpaka chini kabisa. Safari hii hakuna moto. Jini wa Kent nitampelekea halua tu.

Kwa hiyo nimemwambia Miska, kwa upole, kwamba Jumapili hii sina nafasi. Nitakuwa shambani, namtafutia kitu. Akanyamaza kwa muda mrefu. Nadhani amefurahi.

Nikipata dhahabu, nitampigia.