Vita vya Kibanio na Sikio la Bibi

Sogeeni, enyi mlioketi vitini na ninyi mliojilaza mkekani! Zimeni redio, nyamazisheni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni kwa dada yangu, kati ya kabati la vyombo na dirisha la uani, siku ile ambayo mkono mmoja mdogo ulitoka kwenda kukikabili kibanio cha nguo. Mimi mjomba mtu nilikuwapo, nimeketi kwenye kochi, na hakuna aliyeona vizuri kuliko mimi.

Shujaa wetu ni mpwa wangu, Binti Mshupavu, Malkia wa Mkeka, mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na mtindio huo ukauteka mkono wake wa kushoto: kiganja kimejikunja, na kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi kama mtoto aliyeitwa kuoga. Ndipo akawa anakuja nyumbani Daktari wa Mazoezi, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa, naye akaweka sheria: kila jioni mkono wa kulia, ule hodari, uvishwe soksi na kupumzishwa, ili wa kushoto ufanye kazi. Na kazi yenyewe ni kuvitoa vibanio vilivyobanwa kwenye nguo za jamaa.

Lakini katika nyumba ile palikuwa na nguvu moja iliyozishinda sheria zote, nayo ni Bibi, mama yetu mzazi, Mwenye Mikono Myepesi. Mjukuu hajaunyosha mkono vizuri, Bibi keshakitoa kibanio. "Masikini kipenzi changu, anahangaika," husema, na zoezi limekwisha. Siku moja Daktari wa Mazoezi akayatazama hayo, akacheka kwa adabu, akasema, "Mkono unaofanya mazoezi humu ndani ni wa Bibi."

Malkia wa Mkeka akasikia. Mgeni alipoondoka, mtoto akalia kilio cha hasira, si cha deko. "Kila kitu mnanimalizia," akasema. "Hata siku moja sijamaliza mwenyewe." Sote tukatazama chini. Hata mimi, na tangu lini mimi nikatazama chini?

Kesho yake jioni akatokea chumbani ameshika soksi za baba yake za kuchezea mpira.

"Bibi, lete mikono."

"Ya nini tena, mke mwenzangu?"

"Uvae soksi. Yote miwili."

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho, akavaa, akiamini kwamba kibanio kitabanwa kwenye upindo wa gauni lake kama kawaida. Ole wake! Kwa mkono wa kulia, uliokuwa bado huru, mtoto akakinyanyua kibanio cha kijani akakibana barabara kwenye ndewe ya sikio la Bibi. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, nivishe na mimi." Dada yangu, amejiziba mdomo asicheke, akauvisha soksi mkono hodari. Lango likafungwa.

Bibi akalipapasa sikio kwa soksi zile, zikateleza. Hapo akapaza sauti, akahutubia: "Enyi watu wa nyumba hii! Sikio hili ndilo lililowasikia ninyi wawili mkilia utotoni, likaamka kabla ya macho! Leo linabanwa kama shati kwenye kamba, nanyi mnatazama? Mwanangu, nitolee!"

"Mama, siwezi," akajibu dada yangu. "Mwenye ruhusa ni mmoja tu."

"Bibi, tulia," akanena shujaa. "Nakuja."

Akaja. Mkono wa kushoto ukapanda, ukayumba, ukalikosa sikio, na ngumi ikatua shavuni.

"Sasa ndiyo unanipiga?"

"Pole, Bibi. Mkono umepitiliza."

Ukapanda tena, na safari hii ukakigusa kibanio chenyewe! Damu ikanichemka. Nikaruka kutoka kochini, nikanguruma, "Songa mbele, Simba Jike! Kamata! Bana! Usirudi nyuma!" Lo, ngumi ikakaza kuliko mwanzo, na bega likapanda juu.

"Kaka, nyamaza!" dada yangu akanikaripia. "Ukimpigia kelele mkono unakaza. Tumeambiwa mara ngapi?"

Basi mimi, mtunza historia, mwenye sauti inayofika kwa jirani, nikaketi nikafumba mdomo, na tukio kubwa kuliko yote niliyopata kuyaona likapita bila tarumbeta. Mtoto akaulaza mkono begani kwa Bibi, kama alivyofundishwa, akapumua. Bega lake lililopanda likashuka. Vidole vikalegea kimojakimoja, na kidole gumba, mkimbizi yule, kikachungulia nje. Bibi akainua mikono yake kwa mazoea, akakumbuka, akaikalia. Aliikalia kweli, soksi na vyote, machozi yakimlengalenga, na hayakuwa machozi ya sikio.

Kidole gumba kikashika upande mmoja wa kibanio, cha shahada upande wa pili. Vikabana. Vikateleza. Vikabana tena. Kinywa cha kibanio kikafunguka upana wa punje ya mchele, na sikio likachomoka, limevimba lakini huru.

Vita havijaisha, enyi wasikivu! Kwa mkono ule, kuachia ni kazi ngumu kuliko kushika, na sasa vidole vilikuwa vimekikumbatia kibanio na kugoma. Dada yangu akanyosha mkono amsaidie.

"Mguse uone!" Bibi akafoka. "Mwache mtoto, atakiachia mwenyewe!"

Tukamtazama Bibi kama mtu tusiyemjua. Tukangoja. Chungu kikafurika jikoni, hakuna aliyekwenda. Hatimaye kibanio kikaanguka sakafuni, ta!

Ndipo nikaruhusiwa kunguruma, nikanguruma. Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba jioni ile sikio la Bibi lilikombolewa na mkono wa kushoto peke yake, bila msaada wa mama, wala wa mjomba, wala wa Bibi mwenyewe, na hilo la mwisho ndilo ambalo majirani wamekataa kuliamini. Malkia wa Mkeka hakuzisikia shangwe zangu. Alikuwa akikitazama kiganja chake kilichofunguka. Bibi, angali ameikalia mikono yake, akageuza kichwa taratibu.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Hili la pili linaona wivu."