Kichwa Kikiinama, Ni Amri

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Mama mdogo anastaafu. Ametutangazia leo katikati ya mvuke, huku akifuta miwani. Mwisho wa wiki anahamia kwa binti yake, na duka hili la dobi litabaki mikononi mwa mtu mmoja. Ama mimi, mtoto wa dada yake, au Dada Pasi, ambaye hapa hana ndugu hata wa kusingizia. Atatutazama wiki hii, kisha ataamua.

Nimesota hapa tangu sijaota ndevu. Nikikosa safari hii, nitakunja shuka mpaka nizikwe na mojawapo. Dada Pasi amerudi kwenye pasi zake. Hajui kwamba mimi nina shule yangu. Kila jioni natazama ile tamthilia ya wakubwa wa magenge. Uongozi wote umo mle.

Jumanne, 5 Machi

Siku nzima nalinganisha wakubwa wawili wa ile tamthilia. Bwana Glovu haongei. Anakaa mbele ya tangi la samaki, glovu nyeupe mikononi. Akiinamisha kichwa mara moja, jambo limekwisha. Mshauri wake husimama nyuma ya kiti na hafungui mdomo mpaka aulizwe. Dubu ni kinyume chake. Anafoka, anavunja sahani, analia, anaomba radhi. Mshauri wake ni shangazi yake, ambaye humwita mjinga mbele ya wageni. Na Dubu anamsikiliza!

Mke wangu anampenda Dubu. Eti angalau yule ana mtu wa kumwambia ukweli. Nikamwambia hajui uongozi. Akaniuliza mimi nimewahi kuongoza nini. Nikaongeza sauti ya televisheni.

Nimemchagua Bwana Glovu. Mshauri wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi ambaye kibanda chake kimefungwa. Ana maneno mengi. Nimemkanya asiseme lolote mpaka nimuulize. Akataka kujua, je, kukiwa na moto? Nikamwambia hata moto.

Jumatano, 6 Machi

Nimeleta kiti chenye mikono kutoka nyumbani. Nimekiweka mbele ya mashine kubwa, ile yenye kioo cha duara. Samaki sina, lakini soksi zinazunguka mle ndani kwa madaha yaleyale. Glovu nyeupe hazikupatikana. Nimevaa za mpira, za njano.

Nimetangaza utaratibu mpya. Kelele basi. Anayetaka idhini aje mbele yangu aseme shida yake. Kichwa kikiinama, ni amri. Ndefu, fundi wa mashine, akauliza nikikataa nitafanyaje. Nikamjibu kwamba nikikataa sitafanya kitu. Dada Pasi akauliza kama naye aombe ruhusa ya kupiga pasi. Sikufanya kitu. Akaendelea kupiga pasi.

Jioni shuka zote zilikuwa kwenye kamba, mwanga wa jua ukipita ndani yake. Nikatembea katikati yake polepole. Zilinipisha zenyewe, huku na huku. Nilijisikia mkubwa, na sioni haya kuandika hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mambo yanakwenda! Ndefu anakuja, anasema, nainamisha, anaondoka. Shemeji nyuma ya kiti, kimya. Mama mdogo alipita, akanitazama sana, akauliza kama shingo inaniuma. Nikainamisha kichwa. Akaniletea dawa ya kuchua. Ni wazi ananipendelea.

Dada Pasi namhurumia. Anapaza sauti, anacheka, kila saa anawauliza wenzake wanaonaje. Anamuuliza hata mama wa sabuni, ambaye kazi yake ni kutupimia unga tu! Dubu mtupu.

Ijumaa, 8 Machi

Mwandiko wangu leo ni mbaya. Vidole vina rangi ya bluu.

Mwenye gesti alileta shuka zake zote, nyeupe pee, zinahitajika kesho. Alileta pia mapazia mapya ya bluu. Baada ya chakula cha mchana nikakaa kitini. Joto la mvuke. Mashine inanguruma taratibu. Soksi zikawa samaki kwelikweli. Nikajiona kwenye meza ndefu, watu wanakuja mmojammoja kubusu glovu zangu za njano, na Dada Pasi naye yuko kwenye foleni. Raha ile sijawahi kuipata nikiwa macho.

Kumbe Ndefu alisimama mbele yangu akauliza kama achanganye mapazia na shuka, kuokoa maji. Kichwa kikaniangukia kifuani. Akashangaa, ndiyo maana akauliza tena, na je, maji yawe ya moto? Kikaanguka tena.

Nilipoamka, kioo kizima kilikuwa bluu. Nikamgeukia shemeji. Alikuwa palepale nyuma ya kiti, jasho linamtiririka, midomo ameibana. Aliona yote! Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. Akashusha pumzi ndefu, akasema ahsante sana kwa kuniuliza, shemeji, maana neno nilikuwa nalo tangu mchana.

Dada Pasi akafoka, akatuita wajinga, mimi wa kwanza. Kisha akauliza nani ana wazo. Mama wa sabuni alikuwa nalo. Tumeloweka na kusuuza mpaka mikono ikafa ganzi. Shuka zimerudia weupe, karibu zote.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mdogo alinishika mkono, akaniita mwanangu, akasema mimi ni mtu mzuri sana nikiwa nimelala. Halafu ufunguo akampa Dada Pasi.

Niliumia. Nikaenda kwenye kamba, katikati ya shuka. Safari hii hazikunipisha. Nikafuta macho kwa mojawapo. Bado ilikuwa na bluu kidogo.

Na shemeji! Dada Pasi amemchukua awe mshauri wake, kwa sharti asinyamaze. Mimi nimepelekwa stoo ya sabuni.

Jumatatu, 11 Machi

Stoo ni ndogo. Dirisha lina nondo. Nilikaa juu ya gunia la sabuni nikajihurumia, mpaka nikakumbuka. Jana ametokea mkubwa wa tatu! Yuko gerezani, na anauendesha mji mzima kutoka humohumo. Glovu na Dubu wote wanamwogopa. Kumbe kosa langu halikuwa usingizi. Nilichagua mkubwa asiyenifaa.

Huyu hainamishi kichwa. Anagonga bomba. Na bomba la mvuke linapita hapa stoo mpaka kwenye mashine! Nimemwita Ndefu faraghani. Likigonga mara moja, azime kila kitu. Likigonga mara mbili, afungulie maji yote. Akaanza kusema kitu kuhusu bomba lenyewe, mvuke ukiingia huwa sijui linafanyaje. Nikamkatiza. Hajaulizwa.

Sasa nasubiri wakati wangu. Mvuke ndio umefunguliwa. Bomba linagonga lenyewe, taratibu, linabembeleza. Huko mashineni nasikia watu wanakimbia, na Dada Pasi anaita jina langu. Sijui wana nini. Humu ndani kuna joto zuri. Acha nifumbe macho kidogo.